Maji ya Kisima Kuwa Maangavu Si Uthibitisho wa Usalama

Mwananchi anayechimba kisima, awe mkazi wa Kata ya Lizaboni katika Manispaa ya Songea au wa kijiji jirani, anapaswa kutambua kuwa maji maangavu si lazima yawe salama. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na wakati wa mvua uchafu wa vyoo huweza kupenya ardhini hadi kisimani.

Kwa sababu hiyo, inashauriwa kisima kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka chooni, upande wa juu wa mteremko. Mdomo wake ujengewe ukuta, sakafu ya saruji na mfuniko. Pampu ya mkono ni bora kuliko ndoo na kamba, ambavyo huingiza uchafu kila vinapotumbukizwa.

Maji yapimwe maabara kabla ya kutumika. Sampuli ya mililita 100 haipaswi kuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja. Hadi majibu yatoke, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Tangu mwaka 2019, huduma ya maji vijijini inasimamiwa na RUWASA, huku vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vikiendesha miradi. Songea mjini huduma hiyo hutolewa na SOUWASA. Michango ya wananchi ndiyo hugharamia matengenezo, kwani pampu ikiharibika na kuachwa, familia hurejea kwenye maji ya mtoni.