Roketi ndogo za mfano: namna zinavyoundwa na kurushwa kwa usalama

Katika miaka ya 1950, vijana wengi nchini Marekani walivutiwa na habari za safari za anga za juu, wakaanza kujitengenezea roketi majumbani. Walijaza kemikali na vichwa vya viberiti ndani ya mabomba ya chuma, kisha wakawasha. Baadhi ya mabomba hayo yalilipuka, na vijana wakajeruhiwa.

Mwaka 1957 G. Harry Stine, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika uwanja wa majaribio wa White Sands, jimbo la New Mexico, aliandika makala gazetini kuhusu hatari hiyo. Makala hiyo ilisomwa na Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska, ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa amebuni roketi ya karatasi yenye injini ndogo inayobadilishwa kila inaporushwa. Carlisle alimpelekea Stine sampuli, na hapo ndipo ulipozaliwa mchezo unaoendelea hadi leo. Muda mfupi baadaye Vern Estes, mjini Denver, aliunda mashine ya kutengeneza injini hizo kwa wingi.

Msingi wa ubunifu huo ni mgawanyo wa kazi: kijana huunda umbo la roketi, lakini injini hutengenezwa kiwandani pekee. Mrushaji hachanganyi wala hagusi baruti.

Vifaa vya anayeanza ni vichache. Kiwiliwili ni bomba la karatasi ngumu, pua ni ya plastiki au mbao laini, na mapezi matatu au manne hukatwa kutoka mbao nyepesi ya balsa. Ndani hukaa mwavuli wa plastiki uliofungwa kwenye pua, pamoja na utepe wa mpira unaozuia pua na kiwiliwili visitengane. Chuma hakitumiki katika pua, kiwiliwili wala mapezi, ili ajali ikitokea pasiwe na vipande vizito vya kuruka.

Kazi inayohitaji uangalifu zaidi ni kubandika mapezi. Mistari ya balsa yapasa kuelekea nje ya kiwiliwili, la sivyo pezi huvunjika kirahisi. Kila pezi hulainishwa kwa msasa, hupakwa gundi ya mbao, kisha hushikiliwa wima mpaka ligande. Pezi lililopinda huifanya roketi izunguke au ipotoke. Ubavuni hubandikwa kijibomba mfano wa mrija wa soda, ambacho huteleza juu ya fimbo ya kurushia.

Roketi huenda sawa pale tu kitovu cha uzito wake kinapokuwa mbele ya mahali nguvu ya upepo inapoelemea, kwa umbali usiopungua upana wa kiwiliwili. Hili hupimwa kwa uzi. Roketi ikiwa na injini ndani hufungwa uzi pale inapolala sawa bila kuinamia upande wowote, kisha huzungushwa hewani kwa duara pana. Ikitangulia kwa pua, ni salama. Ikitangulia kwa mkia au kupepesuka, isirushwe. Dawa yake ni kuongeza uzito puani au kutumia mapezi makubwa zaidi.

Injini hutambulika kwa alama iliyoandikwa ubavuni, kwa mfano A8-3. Herufi huonyesha jumla ya nguvu, na kila herufi inayofuata inaweza kufikia maradufu ya iliyotangulia. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na ya mwisho ni sekunde za kusubiri baada ya msukumo kwisha. Katika sekunde hizo roketi hupaa kwa kasi iliyobaki. Kisha chaji ndogo huisukuma pua na kuutoa mwavuli. Karatasi maalumu isiyoshika moto huwekwa kati ya injini na mwavuli ili usiungue. Anayeanza hushauriwa kuanza na injini ya A, kwani hupaa kimo cha wastani na hurudi karibu.

Urushaji hufanyika uwanja wa wazi, mbali na nyasi kavu, nyaya za umeme na majengo, upepo ukiwa chini ya kilomita 32 kwa saa. Injini huwashwa kwa waya wa umeme wa betri, kamwe si kwa kiberiti. Watu husimama angalau mita 5 kutoka roketi, na mrushaji huhesabu kwa sauti kutoka tano hadi sifuri. Isipowaka, ufunguo wa usalama huondolewa, na hakuna anayeisogelea kabla ya dakika moja kupita. Roketi iliyonasa kwenye nyaya za umeme huachwa.

Mchezo huu pia ni somo la hesabu. Mwanafunzi akisimama mita 100 kutoka mahali pa kurushia na kupima pembe ya digrii 45 roketi inapofika kileleni, kimo chake ni takriban mita 100. Pembe ikiwa digrii 60, ni takriban mita 173.

Kwa Afrika Mashariki, elimu hii si ya mbali. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, roketi ya Scout ilirusha setilaiti iitwayo Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Roketi hiyo kubwa nayo ilitumia fueli yabisi, sawa na ile ndogo ya karatasi.

Kwa kuwa injini hizi zina baruti, anayetaka kuziagiza au kuzitumia hana budi kwanza kupata ridhaa ya mamlaka za nchi yake zinazohusika na vilipuzi na usafiri wa anga. Shule zisizo na kibali zinaweza kuanza na roketi ya maji: chupa ya plastiki ya soda, maji kiasi cha theluthi moja, na hewa ya pampu ya baiskeli, wanafunzi wakisimama mbali wakati wa kujaza hewa. Mapezi, kitovu cha uzito na hesabu ya kimo ni vilevile, na hakuna moto unaowashwa.