Kwa Nini Bunduki ya Zamani Hutawanya Risasi?

Vita vilipozuka Afrika Mashariki mwaka 1914, askari wengi wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani walikuwa bado wakibeba bunduki ya Mauser ya muundo wa mwaka 1871. Ilitumia baruti nyeusi, na moshi wake mzito uliwafichua waliokuwa wakiipiga, kama ilivyodhihirika Tanga mwezi Novemba mwaka huohuo. Moshi huo hutajwa sana katika vitabu vya historia. Risasi yenyewe haitajwi, nayo ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa mwanafunzi wa sayansi, kwa kuwa ilikuwa imevikwa karatasi.

Yafaa kwanza tueleze sababu ya karatasi hiyo. Ndani ya kasiba ya Mauser mna mifereji minne iliyosokotwa, ikikamilisha mzunguko mmoja kila sentimita 55. Risasi ya gramu 25 ikitoka kwa mwendo wa mita 430 hivi kwa sekunde, itakuwa inazunguka takriban mara 780 kwa sekunde: gawanya 430 kwa 0.55. Mzunguko huu ndio unaoizuia isipinduke, kama vile pia ya mtoto isivyoanguka ingali yazunguka. Lakini ili ishike mifereji, sharti iwe ya madini laini yatakayotanuka yakisukumwa na gesi. Na madini laini, yakisuguana na chuma kitupu, huacha tabaka lake ndani ya kasiba. Karatasi nyembamba na imara, iliyozungushwa mara mbili ikiwa na unyevu kisha ikakauka na kubana, hutenganisha viwili hivyo. Risasi ikishatoka mdomoni, karatasi huchanika na kuanguka.

Sasa tuchukue mfano. Bunduki ya namna hiyo, mikononi mwa mwenye kibali, imefungwa imara juu ya meza katika uwanja wa shabaha karibu na Dodoma, mwezi Agosti. Inapigwa mara tano, na matundu yanatawanyika. Watazamaji hawakosi majibu: mmoja anamlaumu mpigaji, wa pili anailaumu shabaha ya bunduki kwamba imepinda, wa tatu anasema hewa ya huku juu ni nyepesi. Huyo wa tatu ana nusu ya ukweli. Katika mwinuko wa mita 1,100 hivi msongamano wa hewa hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, lakini hupungua kwa risasi zote tano sawasawa. Shabaha nayo ingekuwa imepinda, matundu yangekaa pamoja, ila mahali pasipotakiwa. Mwalimu wa fizikia atakuwa ametambua hapa tofauti kati ya kosa la daima na kosa la nasibu.

Nikiwa masomoni ng’ambo niliwahi kuwatazama wazee wapenzi wa bunduki za kale. Kabla ya kuyaendea matundu, waliinama mita chache mbele ya meza wakiokota vipande vya karatasi majanini. Nilidhani wanasafisha uwanja; kumbe walikuwa wakisoma. Vipande vilivyokatwa vizuri kwa kufuata mifereji vilionyesha kuwa risasi imeshika kasiba sawasawa. Vilivyoungua vilionyesha kuwa gesi imepenya kando, yaani risasi ni nyembamba mno, au ni ngumu mno kwa kuchanganywa na bati au antimoni. Vilivyoraruka ovyo vilishuhudia kasiba yenye vishimo vya kutu. Na pasipo kipande chochote, huenda karatasi imeondoka na risasi na kuipotosha mizani yake. Hapo tundu huwa refu kama la ufunguo, dalili kwamba risasi imefika kiubavu.

Hata hivyo, katika uwanda wetu wa kati mshukiwa wa kwanza ni ukoko. Noble na Abel, katika utafiti wao wa miaka ya 1870 huko Uingereza, walionyesha kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kuwa yabisi baada ya kuungua, hasa chumvi za potasi. Kabonati ya potasi hunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo pwani mabaki hayo hukaa laini, na risasi inayofuata huyasukuma nje (ingawa unyevu huohuo huleta kutu bunduki isiposafishwa siku ileile). Dodoma wakati wa kiangazi, mabaki hukauka katika kasiba yenye moto yakawa magumu kama ukoko wa ugali chunguni. Risasi ya kwanza hupita njia safi, ya tano hupita juu ya ukoko unaoichana karatasi. Kwa hakika kila moja imepigwa na bunduki tofauti.

Kulithibitisha hilo, mwenye bunduki apige tano nyingine, akipitisha kitambaa chenye maji ndani ya kasiba kila baada ya pigo, kisha kikavu, bila kubadili kitu kingine chochote. Atumie maji, si mafuta, kwani chumvi hizo huyeyuka katika maji tu. Matundu yasipokusanyika, ndipo augeukie ugumu wa madini, kisha unene wa karatasi, kisha ukingo wa mdomo wa kasiba, ambao ukilika upande mmoja huachia gesi upande huo kwanza. Atakayebadili yote kwa pamoja anaweza kufanikiwa, lakini hatajua ni lipi lililomponya.

Darasani hatuhitaji bunduki, wala pasiyeyushwe madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na risasi kuukuu iliyookotwa shambani, Kondoa kwa mfano, ambako palipiganwa mwaka 1916, isiguswe. Ipelekewe taarifa polisi. Majivu ya kuni yanatosha, kwa kuwa nayo yana kabonati ya potasi. Changanya na maji, chuja, chemsha hadi maji yaishe, kisha ugawe chumvi katika visahani viwili. Kimoja kiache mezani mwezi wa Agosti, kingine kifunike pamoja na kikombe cha maji. Kesho yake ziguse zote mbili kwa kijiti: chumvi ya kisahani cha pili itakuwa imelowa kuliko ile ya cha kwanza.