SOKO LA VIPURI: Feni kwanza, taa baadaye

Mnunuzi anayetoka Berega, wilayani Kilosa, kwenda Kariakoo kutafuta vipuri vya kompyuta ya michezo anashauriwa kupanga bajeti kabla ya kupanda basi. Kurudisha kifaa kisichofaa ni nauli ya pili.

Bidhaa iliyosumbua soko ni RAM. Bei zake zilipanda duniani mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili mnemba. Desemba mwaka huo, kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida RAM za Crucial. Bajeti ikibanwa hivyo, kishawishi ni kupunguza kwenye feni na pawa saplai. Hapo ndipo hasara huanzia.

Prosesa nyingi za sasa hujipunguzia kasi joto likikaribia nyuzi 95 hadi 100. Mwenye prosesa ya bei kubwa ndani ya kesi isiyopitisha hewa amelipia kasi asiyoipata.

Kwa kompyuta ya wastani, feni mbili za milimita 120 mbele zikiingiza hewa, na moja nyuma ikiitoa, hutosha. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, na chujio likiwekwa mbele, vumbi la kiangazi halipenyi kirahisi kwenye nyufa. Feni za milimita 140 husukuma hewa ileile kwa mzunguko mdogo, hivyo kelele hupungua. Pima kesi kwanza.

Taa za rangi hazipozi kitu. Mnunuzi adai risiti ya EFD na waranti, na kila kifaa kijaribiwe dukani kabla fedha hazijatoka mfukoni.