Selimundu pia hupanda basi la Garissa

Mtoto amevimba vidole, analia usiku kucha. Ukiwa mhudumu wa afya Garissa, huenda selimundu isikujie akilini. Si ajabu. Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu za Wakenya, akakuta jeni hii imejaa Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria kali. Mwenye nakala moja hupata kinga. Nyanda za juu na sehemu kavu, ni haba.

Lakini basi hushusha Garissa walimu, askari na wachuuzi wa kila kona, na jeni zao wanakuja nazo. Basi usikadirie kwa sura. Uliza ukoo wa baba na wa mama, kisha pima damu.

Na nyinyi mnaopanga harusi? Mkiwa nayo wote wawili, kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne mtoto augue. Pimeni mapema, jamani.