Kabla ya Kuinua Ukuta: Nyumba za Garbatulla na Hatari ya Tetemeko

Garbatulla haimo ndani ya Bonde la Ufa, na wakazi wengi hawajawahi kuhisi ardhi ikitikisika. Hata hivyo, mtikisiko husafiri mbali. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa zaidi kurekodiwa nchini Kenya, lilipiga Subukia na kupasua ardhi kwa takriban kilomita 38.

La Bukoba, Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016, lilikuwa dogo zaidi: 5.9. Lakini liliua watu zaidi ya 15 na kuharibu maelfu ya nyumba. Nyingi zilikuwa za matofali yaliyopangwa bila vyuma.

Hapo ndipo Garbatulla inapoguswa, kwa kuwa mji unahamia kwenye mawe na matofali. Nyumba ya kitamaduni ya fito na nyasi hupinda ikitikiswa, na hata ikianguka ni nyepesi. Ukuta wa mawe haupindi. Hubeba paa vizuri, lakini ukisukumwa kutoka ubavuni huachana kwenye pembe na kumwangukia aliye ndani.

Kinga kuu ni linta inayozunguka nyumba nzima. Ili kuokoa saruji, baadhi ya mafundi humwaga zege juu ya milango na madirisha pekee. Hiyo haitoshi. Mkanda wa zege upite juu ya kuta zote, za ndani pia, bila kukatika, na kwenye pembe vyuma vikunjwe na kupishana. Hapo kuta hushikana kama mzigo wa ngamia uliofungwa barabara. Paa nalo lifungwe kwenye kuta kwa vyuma, lisiwekwe tu juu yake.

Mchanga wa laga huwa na matope yanayodhoofisha zege. Utie kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie. Ukiona tabaka nene la matope juu ya mchanga, uoshe kwanza. Maji ya chumvi ya kisima pia yaepukwe, kwani hula vyuma ndani ya zege.

Kwa nyumba ambazo tayari zimejengwa, kagueni nyufa za pembeni na msiweke kabati nzito karibu na kitanda.

Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inamtaka anayejenga kupata kibali cha kaunti kabla ya kuchimba msingi. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).