Unanunua TV Isiolo? Angalia Haya Kabla Hujalipa

Pesa ya mbuzi imeingia kwa simu na watoto wanataka TV. Ingia duka lolote la vifaa vya stima mjini Isiolo utakuta vioo vimepangwa ukutani, vyote vinang'aa, kila kimoja na herufi zake: LED, QLED, OLED. Muuzaji atakuambia ile ya bei ya juu ndiyo bora. Inategemea inaenda kukaa wapi.

TV ya LED ni kioo cha LCD kinachomulikwa na taa ndogo za LED. QLED ni hiyo hiyo, ila imeongezewa utando wa chembe ndogo sana zinazofanya rangi zikolee. Kwa hivyo unalipia rangi, na mara nyingi mwangaza zaidi, lakini hujabadilisha aina ya TV. OLED ndiyo tofauti kabisa. Kila nukta ya picha inajiwashia mwanga wake, na ikizimwa inakuwa nyeusi tititi. Usiku, taa zikizimwa, picha yake ni tamu sana. Mchana wa Isiolo je, madirisha yote wazi kwa sababu ya joto? Weusi ule unapotea, unabaki kuangalia dirisha lako kwa kioo. Tena nembo ya stesheni ikikaa mahali pamoja masaa mengi kila siku inaweza kuacha alama ya kudumu. Kama una hoteli na TV inawaka asubuhi hadi usiku, achana na OLED, chukua LED yenye mwangaza wa kutosha.

Kuhusu nukta, HD ya kawaida ni 1366 kwa 768, Full HD ni 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Kwa TV ya inchi 32, ukikaa mita tatu hivi, macho hayataona tofauti kubwa. Usikope ili upate 4K ya kuangalia habari ya saa moja.

Cha maana zaidi ni king'amuzi cha ndani. Tangu Kenya izime analogi mwaka wa 2015, matangazo ya mnara ni ya DVB-T2. Tafuta maneno hayo kwa katoni, la sivyo utanunua king'amuzi kando. Kama mawimbi ya mnara hayakufikii na unatumia dishi, tafuta DVB-S2.

Wa sola, geuza TV usome wati nyuma. TV ya wati 40 ikiwaka masaa matano inakula wati-saa 200. Betri ya volti 12 yenye 50Ah ina 600, na kama ni ya asidi si vizuri kuishusha chini ya nusu. Kwa hivyo una 300, na bado hujawasha taa wala kuchaji simu. Ziko TV zinazotumia volti 12 moja kwa moja bila inverta, uliza.

Sasa ijaribu. Video ya duka imetengenezwa ipendeze, kwa hivyo mwambie aweke chaneli ya kawaida. Simama pembeni, pale mgeni atakapokaa kwa mkeka, uone kama rangi zinafifia. Weka picha nyeupe tupu utafute vidoa.

Ukiridhika, lipa kwa till ya duka na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukiambiwa "till imekataa, tuma kwa namba yangu", subiri au rudi kesho. Pesa ikienda kwa namba ya mtu binafsi, duka linaweza kusema halikupokea kitu, na TV ikiharibika wiki ijayo utaanza kubishana. Risiti iandikwe namba ya TV yenyewe, ile iliyo nyuma, pamoja na muda wa waranti. Ujumbe wa malipo usiufute. Na kama inapanda gari kwenda Merti, isafiri ikiwa imesimama ndani ya katoni yake, isilazwe chini ya magunia.