Alama Ndogo, Safari Ndefu: Mtoto Wako Anapotaka Udaktari

Mtihani hufanywa na mtoto mmoja, lakini matokeo yake huingia nyumba nzima. Mwezi Julai, wakati kahawa inachumwa Mbozi na malori yamejipanga mpakani Tunduma, matokeo ya kidato cha sita hutangazwa. Nyumba moja hupiga vigelegele. Nyumba ya pili, binti aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia ili awe daktari amejifungia chumbani, baba amenyamaza, na mama hajui aanze kusema na nani.

Leo tunazungumza na mama wa nyumba hiyo ya pili. Tunataka ajue kwamba alama ndogo hurefusha safari ya udaktari, lakini si lazima ziikatishe. Ajue pia safari hiyo inadai nini, ili asimpe mtoto matumaini ya bure.

Mlango wa kwanza unadai nini?

Hapa nchini udaktari ni shahada ya miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Anayetoka kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu masomo hayo matatu. Katika kuhesabu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na jumla ya chini inayotakiwa ni pointi 6.

Lakini kuwa na sifa si kupata nafasi. Waombaji ni wengi, na wenye alama za juu hutangulia. Mtoto mwenye D tatu anaweza kuomba na bado akakosa. Mama akilielewa hilo, hatamwita mwanawe mvivu mbele ya majirani.

Anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kabla ya kulipa ada, kaeni pamoja na karatasi ya matokeo. Ni somo gani lililomwangusha? Je, hakuwa na mwalimu wa Fizikia? Je, alikuwa akiuza duka hadi usiku? Sababu isipoondolewa, mwaka ujao utaleta matokeo yale yale. Tena, masomo ya sayansi yana mitihani ya vitendo, hivyo chagueni kituo chenye maabara.

Mlango wa pili: utabibu

Wazazi wengi hudharau njia hii kwa kutoijua. Stashahada ya utabibu huchukua miaka 3, na mwombaji hupimwa kwa cheti cha kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa hiyo aliyeanguka kidato cha sita anaweza kuwa na cheti cha kumwingiza huko.

Akimaliza, ni tabibu. Ana kazi ya kuheshimika, na ndiye mara nyingi mgonjwa wa kijijini humkuta kwanza. Akitaka kuendelea na shahada ya udaktari, vyuo hutaka wastani wa B, yaani GPA isiyopungua 3.0, na huangalia tena ufaulu wake wa kidato cha nne. Masharti kamili ya kila chuo hutolewa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Jirani yetu Mbeya kuna chuo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha madaktari. Nendeni mkaulize huko wenyewe.

GPA ni nini? Ni wastani wa alama za masomo yote, na somo zito huhesabiwa zaidi ya somo jepesi. Katika stashahada A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Kila C inahitaji B+ moja yenye uzito ule ule ili wastani urudi 3. Kijana anayesema "nitajirekebisha mwaka wa mwisho" huenda akachelewa. Mwambieni hayo siku anapofunga sanduku kwenda chuoni.

Na akipata 2.8? Bado ni tabibu, na mshahara wake ni halali. Akiwa kazini anaweza kujisomea na kufanya mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kisha aombe kwa mlango ule wa kwanza. Ni safari ya miaka mingi. Miaka 3 ya utabibu, 5 ya shahada na 1 ya vitendo ni 9, hata bila kuhesabu ya kazi. Ikiwa ni binti, watu watauliza lini ataolewa. Mama ndiye atakayesimama naye siku hizo.

Tukumbuke taifa letu lilikotoka. Wakati wa Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alisema, tulikuwa na madaktari 12 tu. Mwaka 1963 yalianza mafunzo ya daktari msaidizi, yaliyowachukua matabibu wenye uzoefu na kuwapandisha. Kwa miaka mingi hao ndio waliowapasua akina mama waliokwama katika uzazi kwenye hospitali za wilaya. Mtu kuanza chini na kupanda si jambo geni kwetu.

Jihadharini na mkato

Mpakani watu wa kila namna hupita, na wapo watakaonong'ona kwamba cheti hununuliwa. Mwaka 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, wakapoteza kazi zao. Daktari wa cheti cha uongo ataua watu kabla hajakamatwa. Wakala akikuahidi chuo cha nje ya nchi, uliza TCU kama shahada yake inatambuliwa, na Baraza la Madaktari Tanganyika kama mhitimu wake husajiliwa. Uliza kabla hujauza shamba.

Mama afanye nini?

Wiki ya kwanza, mwache mtoto alie, lakini usimwache peke yake. Mhakikishie kuwa chakula chake kipo mezani kama jana. Zungumza na baba watoto akiwa ametulia, mhesabu fedha kwa ukweli: ada ya utabibu mtaitoa wapi, na wadogo zake watasomaje? Akifika shahada, anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo.

Mwisho, muulize kama udaktari ni hamu yake au ni yako. Uuguzi, maabara na famasia nazo huokoa watu. Akijibu kwamba anautaka kweli, na yuko tayari kwa miaka hiyo 9, basi mtoe chumbani, mkae mezani pamoja na vyeti vyake vyote viwili, mwanze kupanga.